Chomboni Hakuna Jipya

Kila jioni, saa ya redio ilipokaribia, Evelio Bogado alichana nywele. Nélida, mke wake, hakuwahi kuuelewa upuuzi huo. Walikuwa katikati ya bahari, ndani ya mashua ya mbao ambayo mtu mzima hawezi hata kusimama wima chini ya sitaha yake, chumvi imewaganda mpaka kwenye nyusi, na huyu mwanamume anatoa kitana mfukoni kwa ajili ya watu wasiomwona.

Jioni ile alichana nywele huku mtoto wao anatapika.

Marilina, wa miaka minane, alikuwa kwenye kitanda cha upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, ubao umeinuliwa ubavuni asije akadondoka chombo kikienda mrama. Nélida alikuwa amepiga magoti kando yake, mkono mmoja kwenye paji la uso la mtoto, mwingine umeshika ndoo. Tangu asubuhi hakukuwa na cha kutapika tena isipokuwa maji ya manjano, na chini nako ni hivyo hivyo. Shuka lilikuwa la tatu siku hiyo. Yale mawili ya kwanza yalikuwa yamefuliwa kwa maji ya bahari na kutundikwa nje, nayo hayakukauka, maana nguo iliyofuliwa kwa chumvi haikauki kamwe, hulala na unyevu wake mpaka mtu aichukie.

Redio ikakwaruza. "La Porfiada, La Porfiada, mko salama? Semeni."

Ilikuwa sauti ya Bwana Iriberri, mwenyekiti wa klabu ya mashua ya San Fernando, kule mtoni walikotoka, ambaye kila jioni aliita vyombo vyote vya wanachama vilivyo baharini, kimoja baada ya kingine, akiwa amekaa baa. Nyuma ya sauti yake ziligongana bilauri. Wanachama walikuwa na desturi ya kunywa huku wakisikiliza, na nahodha aliyeripoti matatizo alikuwa na uhakika wa kutajwa mpaka msimu uishe.

Evelio alibonyeza kitufe cha kipaza sauti. Akasema upepo ni wa wastani, tanga kubwa wamelipunguza mara moja, mkondo unawasaidia kidogo. Kisha akamaliza kwa maneno aliyoyamalizia kila jioni tangu watoke mtoni. "Chomboni hakuna jipya, bwana mwenyekiti."

Nélida aliinua ndoo, akapanda ngazi, akaimwaga baharini kwa upande wa demani. Aliporudi, mume wake alikuwa bado ameshika kipaza sauti, anatabasamu peke yake. Angeweza kumpiga kichwani kwa ile ndoo.

"Umesema hakuna jipya."

"Ni kichefuchefu cha bahari tu, mama. Kitapita."

"Cha bahari kilimpata siku zile za mwanzo, kikaisha. Huyu anaharisha, Evelio. Bahari haimharishi mtu."

Evelio alikitia kitana mfukoni, akapanda juu kushika usukani.

*

Mlangoni mwa baa ya klabu ile kuna ubao wa shaba. Una majina ya wanachama walioondoka mtoni wakafika kisiwa cha Noronha, mbali kule juu ya Brazili, bila kutia nanga popote njiani. Evelio aliyajua majina yale kwa ncha za vidole. Miaka yote aliyokuwa mtumishi wa klabu, kila Jumamosi aliusugua ubao huo kwa dawa na kitambaa mpaka ukameremeta. Siku nyingine alikuwa anakwangua makome kwenye matumbo ya mashua za watu hao hao, na chakula chake alikula jikoni.

La Porfiada, yaani Mkaidi, aliiunda mwenyewe kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya kupanga, ubao mmoja mmoja, kwa miaka kumi na mmoja. Ilikuwa miaka ile ambayo bei zilibadilishwa asubuhi na zikabadilishwa tena mchana, na mshahara uliopokewa Ijumaa ulikuwa umeoza Jumatatu. Fedha ikipatikana, ilinunua gundi na skrubu za shaba kabla haijaoza. Bati la jikoni lilivuja juu ya sufuria ya Nélida tangu mtoto hajazaliwa. Mashua ilipakwa vanishi mara tano, bati halikuguswa. Nélida alinung'unika, lakini na yeye pia aliipenda ile mashua kwa siri, kwa sababu matanga yake aliyashona yeye, juu ya meza ya kulia chakula. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Nusu ya matanga ya klabu yalipita mikononi mwake yakiwa yamechanika, yakarudi mazima, na ujira alilipwa varandani, amesimama. Hakuna aliyewahi kumwambia aketi.

Mashua ilipoingia majini, klabu ilimpa Evelio uanachama wa hisani. Hakuwa na kura, ila aliruhusiwa kuingia baa. Siku ya kwanza alivaa koti, akaenda, na miguu ikampeleka yenyewe kwenye mlango wa jikoni. Alipotokezea nyuma ya kaunta, baa nzima iliangua kicheko, mmoja akafuta machozi. Evelio alicheka nao. Usiku alipomsimulia mkewe alicheka tena, na Nélida akamtazama asijue aweke wapi hasira zake.

Sasa alitaka jina lake kwenye ubao ule. Hakutaka kitu kingine duniani. Nélida alilijua hilo, na kwa sababu alilijua ndiyo maana alikubali kumtoa mtoto shule nusu mwaka na kuja kuishi ndani ya sanduku hili linalorukaruka.

*

Asubuhi, upepo wa kaskazini-mashariki ulizidi kidogo na La Porfiada ikawa inaupanda kwa taabu, ikipiga pua kwenye kila wimbi. Maji yalipita juu ya sitaha yakatafuta njia mpaka yakampata Nélida shingoni. Aliwasha jiko la mafuta ya taa, akalishikilia kwa goti birika lisiruke, akachemsha maji ya yerba, ile chai yao chungu wanayoinyonya kwa mrija wa chuma kutoka kwenye kibuyu. Alinyonya cha kwanza yeye, akajaza tena, akampitishia Evelio juu. Walikunywa hivyo asubuhi, mchana na jioni, kwa zamu, kibuyu kikipanda na kushuka ngazini, hata walipokuwa hawasemezani.

"Mama, maji," Marilina alisema.

Mtoto yule hakupenda yerba. Aliionja mara moja, akaitema, akasema ina ladha ya kamba. Yeye alikunywa maji ya tangi. Nélida alifungua kibomba kidogo, akajaza kikombe, akamwinua kichwa. Alikuwa anafanya hivyo tangu juzi. Kila alipotapika alimnywesha, kwa kuwa kila mama anajua kwamba anayetapika anyweshwe.

Marilina alikunywa chote. Haukupita muda, yote yakarudi.

Nélida alibaki na kikombe mkononi. Alimtazama mtoto, akatazama kibuyu cha yerba kilichobanwa kwenye kona yake, akatazama kikombe. Watu watatu kwenye chombo, chakula ni kimoja, sufuria moja. Wawili wazima. Wawili hao walikuwa hawajaonja tone la maji yasiyochemshwa tangu watoke nyumbani.

Chini ya kikombe palikuwa na wingu jeupe, dogo. Alikinusa. Kisha akatia ulimi, na ulimi ukamwambia mara moja, kwa kuwa yeye na Evelio wote wawili walizaliwa kwenye visiwa vya mdomo wa mto, kwenye nyumba za miguu mirefu, na ladha hiyo ndiyo waliyokulia. Ulikuwa mto. Ila nyuma ya mto kulikuwa na harufu nyingine, ya ngozi iliyooza.

Aliinua mbao za sakafu, akafungua mfuniko wa tangi, akaingiza mkono mpaka kwapani. Chini kulikuwa na utelezi, na maji yalikuwa yamepungua mpaka karibu nao. Vidole vilikuta kitu kigumu, akakitoa. Lilikuwa jiwe la shabu, limeliwa na maji mpaka limebaki dogo, laini kila upande. Watu wa visiwani huchota maji ya mto yenye tope, huyatia shabu, tope hushuka chini na maji yakabaki meupe juu. Hakuna mtu mwenye akili anayetia shabu kwenye maji ya bomba.

Alipanda ngazi na jiwe kiganjani.

"Tangi ulilijazia wapi?"

Evelio alilitazama jiwe, kisha akatazama mbele, kwenye pua ya mashua, akaendelea kutazama huko.

"Evelio. Nakuuliza wewe."

Ikabidi aseme. Siku moja kabla ya kuondoka, alikuwa ameshaufungua mpira wa maji pale gatini mwa klabu. Akaja mlinzi, kijana aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe, akasema bila kuinua macho kwamba samahani, Don Evelio, mpira ni wa wanachama wenye kura, ni amri. Iriberri alikuwa amesimama hapo hapo na wageni wake. Akatabasamu, akasema, "Bogado, wewe si mtu wa visiwani? Mto mzima ni wako." Wageni wakacheka. Evelio alikunja mpira vizuri, akauning'iniza mahali pake. Alfajiri, Nélida akiwa bado anafunga mizigo nyumbani, alichukua kihori, akapiga makasia mpaka katikati ya mto, akajaza madumu. Alichota kama mama yake alivyochota maisha yake yote.

"Na hukuniambia."

"Nikwambie nini? Kwamba wameninyima maji?"

"Ndiyo! Hilo hilo."

"Ungeenda kuwatukana, mama. Tungeondoka vipi?"

"Mama yako alichota kabla Iriberri hajajenga kiwanda chake cha ngozi kule juu. Wewe mwenyewe ulimkataza mtoto asioge pale. Umeona manyoya yanaelea, umeona nyama, umeona maji mekundu yakitoka kwenye lile bomba lake. Halafu ukachota."

"Nilichota katikati ya mto."

"Mto hauna katikati tena, mjinga wewe." Alimsogezea lile jiwe mpaka puani. "Nimemnywesha mimi. Kwa mkono wangu. Kikombe baada ya kikombe, tangu juzi, namwambia kunywa mwanangu. Geuza chombo."

"Tutachemsha. Tukichemsha maji atapona, si umeona sisi wazima?"

"Geuza chombo, Evelio. Bandari ya Imbituba iko siku mbili kutoka hapa, upepo utakuwa nyuma yetu."

"Tukitia nanga imekwisha." Alisema kwa sauti ndogo sana, bila kumtazama. "Mpe mpaka jioni. Mpaka jioni tu."

*

Nélida alichemsha. Alichemsha birika baada ya birika, jiko likimmwagia mafuta ya taa magotini, na hasira zikamfanya awe mwepesi wa mikono kuliko alivyowahi kuwa. Lakini mtoto alikuwa hashiki tena kitu. Midomo ilipasuka. Macho yalizama. Nélida alimfinya ngozi ya tumboni, ngozi ikabaki imesimama vile vile ilivyofinywa. Akaipapasa, akaishusha kwa kidole.

Vitambaa viliisha mchana. Mashuka yalikwisha, taulo zilikwisha, mashati ya Evelio yakapasuliwa vipande, vipande navyo vikaisha. Vyote vilikuwa nje kwenye kamba, vimelowa, vinapigwa na mawimbi. Marilina alijichafua tena, akaanza kulia kwa aibu, na Nélida akaona kwamba analia bila machozi. Sauti tu, uso mkavu.

Alifungua droo ya chini ya redio. Ndani, kwenye mfuko wa plastiki, kilikaa kibendera cha klabu, cha buluu chenye nyota nyeupe, kimepigwa pasi. Nacho alikishona yeye, bure, maana mwenyekiti alisema kazi ya bendera ni heshima. Mwanachama akifika Noronha hukipandisha mlingotini, hupigwa picha, na kibendera hurudi kutundikwa chini ya ubao wa shaba. Evelio alikuwa akikitoa kila Jumapili kukitazama, kisha anakirudisha kwa ncha za vidole.

Nélida alikitoa, akakikunja mara mbili, akampangusa mtoto.

Evelio aliteremka ngazi wakati huo huo, nywele zimechanwa. Aliona. Mdomo ulifunguka.

"Hicho..."

"Kilikuwa kikavu," Nélida alisema.

Alikisuuza ndoo ya bahari, akampangusa tena. Evelio alikaa kwenye kiti cha redio. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama binti yake uso kwa uso, akautazama mdomo wake, akatazama lile tumbo lililoingia ndani, na mikono yake ikaanza kutafuta mahali pa kukaa. Redio ikakwaruza.

"La Porfiada, La Porfiada, mko salama? Semeni."

Alibonyeza kitufe. "Chomboni..." alisema, akanyamaza. Bahari ilisikika, na bilauri za baa zilisikika. "Chomboni..." Hakuweza kuyamaliza maneno yale wala kuyabadilisha. Nélida alinyoosha mkono wenye uchafu, akakichukua kipaza sauti.

"Hapa ni Nélida, mke wa Bogado. Mtoto wangu anaharisha, anatapika, anakauka mwili. Namtaka daktari, yeyote anayesikia."

Iriberri akasema, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni kwenye mlango wa nyuma, kwamba mzunguko huu wa redio ni wa manahodha, bibi, ampe mume wake kipaza sauti. Mtu mwingine kule baa akauliza mtoto kala nini.

"Hajala. Kanywa. Kanywa maji ya mto, tangi lote ni maji ya mto."

Kicheko kilisikika waziwazi. "Maji ya mto?" Iriberri alisema. "Nani anakunywa maji ya mto siku hizi? Bogado, mashua ya bahari unaijaza kama pipa la visiwani?"

Nélida aliona giza, kisha akaona vizuri sana.

"Kajaza mtoni kwa sababu wewe ulimfungia mpira wa maji mbele ya wageni wako. Ukamwambia mto mzima ni wake. Na mto huo unautapikia wewe na kiwanda chako mchana na usiku, na kila aliyekaa hapo baa analijua hilo, ila anakunywa bia yako ananyamaza. Nimewashonea matanga miaka yote hii, mkanilipa nimesimama. Hata sasa nimesimama. Sitaki pole yenu. Nataka daktari."

Hakuna aliyecheka. Redio ilivuma tupu, na Nélida akafikiri wameizima, akafikiri kwamba mtoto wake atakufa kwa ajili ya majina kwenye ubao. Ndipo ikaingia sauti nyingine, ya mwanamke mtu mzima, inayoongea kwa lafudhi ya Kibrazili.

"Mama, achana na hao. Nisikilize mimi. Naitwa Zuleide, nilikuwa muuguzi, niko Imbituba, mume wangu ni mvuvi, tuna redio nyumbani, ndiyo maana nawasikia kila siku. Mtoto akilia anatoa machozi?"

"Hatoi."

"Haya. Una sukari? Una chumvi?"

Nélida alikuwa navyo. Zuleide akamtajia kipimo taratibu, akakirudia, akamtaka akiseme yeye mwenyewe asikie kama amekishika. Maji yachemke kwanza, yapoe. Ampe kijiko kimoja, angoje, ampe kingine. Akitapika, asikate tamaa, angoje kidogo aanze upya. Usiku kucha. "Na chombo kigeuzeni sasa hivi, mama, si kesho. Nitakuwa gatini na gari ya shemeji yangu."

Nélida alipanda juu. Evelio alikuwa ameshatoka, ameushika usukani kwa mikono miwili, kitana kimeanguka miguuni pake kwenye maji. Nélida aliweka mkono wake juu ya usukani, kando ya mikono ya mumewe, akaanza kuusukuma.

"Ngoja," alisema Evelio. "Ukigeuza hivyo tanga litachanika. Ngoja nilegeze."

Akaenda mbele kwa kutambaa, wimbi likamfunika, akatokea, akalegeza kamba. Alipopaza sauti kwamba tayari, Nélida aliusukuma usukani mpaka mwisho, na La Porfiada ikaugeuzia upepo mgongo.

*

Chombo kikawa kimetulia. Upepo ulikisukuma kutoka nyuma na mawimbi yaliyokuwa yakikipiga usoni sasa yalikiinua na kukishusha. Nélida alikaa sakafuni kando ya kitanda na kikombe na kijiko. Alitoa kijiko, akangoja, akatoa kijiko. Mtoto alitapika, Nélida akaanza upya. Mkono ulipokufa ganzi alihamishia mwingine.

Evelio alifunga usukani kwa kamba na kuteremka kila alipoweza, akachemsha maji. Mafuta ya taa yalikuwa machache, kwa hiyo yerba iliachwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu waoane kukaa siku nzima bila kupitishiana kibuyu, na bila kibuyu hawakuwa na sababu ya kugusana mikono. Evelio alimimina maji kwenye sufuria safi, akapima sukari, akapima chumvi, akamwonyesha Nélida kijiko kabla hajatia, kama Zuleide alivyosema.

"Sijakusamehe," Nélida alimwambia mara moja, bila kugeuka.

"Najua."

"Yule mshenzi nitamchukia mpaka kufa. Lakini yeye si baba yake."

Evelio alilichukua birika akarudi jikoni, hatua moja tu, akainama hapo amewapa mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nélida aliona, na hakumwonea huruma. Alikuwa na kijiko cha kuangalia.

Siku ya pili, jua lilipokuwa limepita utosini, Marilina alifungua macho akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, nimejikojolea. Samahani."

Nélida alitia mkono chini yake. Palikuwa na joto, pamelowa, mkojo wa kawaida wa mtoto. Alicheka, na kicheko kikageuka kwikwi, akamkumbatia na unyevu wake wote, akamwambia ajikojolee tena akipenda, ajikojolee chombo kizima. Evelio aliuliza kutoka juu kuna nini, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Amekojoa," Nélida alipaza sauti.

Chombo kiliyumba, kama kimeachwa bila mtu usukanini, kisha kikarudi kwenye njia yake.

Jioni vilima vya Imbituba vilionekana mbele. Evelio aliteremka redio ilipoanza kukwaruza. Nywele zilikuwa zimesimama kila upande kwa chumvi, na hakuzigusa. Kwenye kamba za pembeni ya sitaha vilining'inia vitambaa vyote vya chombo, mashuka, mashati yaliyopasuliwa, na katikati yao kile kibendera cha buluu, kimefifia, kinapiga kofi upepo.

Safari hii Iriberri alikuwa amejiandaa. Alisoma. Kamati ilikuwa imekutana. Kwa mujibu wa kanuni, chombo kinachoingia bandari yoyote njiani hakistahili ubao. Zaidi ya hayo, maneno mazito yalitamkwa hewani dhidi ya mwanachama, na kamati inatarajia yatafutwa hewani vile vile, ili suala la uanachama wa Bwana Bogado litazamwe kwa wema. Alimaliza, akakohoa kidogo, akauliza kwa desturi. "La Porfiada, mna lolote jipya?"

Nélida alinyanyua uso. Alikuwa tayari kuinuka akakinyakue kipaza sauti, maana mwanamume huyu alikuwa amemjibu mwenyekiti "ndiyo, bwana" maisha yake yote.

"Lipo, Iriberri," Evelio alisema.

Aliendelea kukibonyeza kitufe.

"Maji nilichota mimi, kwa mkono wangu, na mke wangu nikamficha. Hilo langu, nitakaa nalo. Mpira ulifunga wewe, na uchafu uliomo mtoni ni wako. Hayo yako, na sifuti neno. Jipya lingine, mtoto wangu yu hai. Vitambaa vilituishia, kwa hiyo kibendera chenu kimempangusa makalio. Kimefanya kazi nzuri. Ubao tafuteni mtu wa kuusugua."

Akaizima redio. Alibaki ameweka kiganja juu yake, anapumua kwa nguvu, kisha akapanda juu kuangalia boya la mlango wa bandari.

Marilina alimvuta mama yake mkono. "Baba anaongea na nani?"

"Na watu wa ule ubao," Nélida alisema. Alimimina maji yaliyochemshwa kwenye kikombe, akayaonja kwanza yeye, akampa. "Kunywa."